Maswali ninayoulizwa mezani kila siku: habari, siasa na kwa nini siku hizi hatuelewani

Kwanza we nani mpaka utujibu?

Muuza magazeti. Meza yangu iko Arusha mjini, upande wa Kilombero, mwaka wa kumi na tatu sasa, na kabla ya hapo nilikuwa natembeza kwa mkono kwenye haisi zikisubiri kujaza. Sijasomea uandishi. Ila kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu watu wanasimama mbele ya meza, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bure halafu wanaanza kuniuliza mimi kama vile ndo nimeandika. Maswali ni yaleyale, nimechoka kurudia, chalii wa duka la simu jirani akasema braza yaandike uyarushe onlaini yaishe. Ndo haya.

Hivi ni vyombo vya habari vinavyotugawa au tulishagawanyika wenyewe?

Kugawanyika tulianza zamani, hata kabla ya redio watu walikuwa na koo zao na vilabu vyao vya pombe. Swali langu mimi ni lingine kidogo. Angalia Simba na Yanga. Pale mezani watu wanatukanana wiki nzima, mtu anakataa kukaa benchi moja na mwenzake kwa mama ntilie sababu ya jezi, lakini mechi ikiisha mbili moja hakuna anayebisha kwamba ni mbili moja. Watabishia penalti, watabishia refa, watabishia hadi mvua. Matokeo hawabishii. Na jioni wanapanda haisi moja kwenda Sakina.

Kwenye siasa hapo ndipo palipoharibika. Huyu anakuja na matokeo yake kwenye simu, yule ana ya kwake, na wote wawili wana video. Hayo si maoni mawili tena, ni mechi mbili tofauti, sasa utabishana vipi na mtu aliyeangalia mechi nyingine?

Mbona hayo ni mambo ya Dar na Dodoma, Arusha tunahusikaje?

Hili naomba mnivumilie nitaongea sana, maana vijana wengi wa hapa hapa mjini hawajui.

Arusha ndo mji ambao redio ilishtakiwa. Pale AICC, lile jengo unalipita kila siku, ndipo ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Na ukirudi nyuma zaidi, tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF ulisainiwa hapa hapa, ndo maana wenzetu wanauita Mkataba wa Arusha. Mwezi mmoja kabla, Julai 1993, kulikuwa kumeanza redio mpya Kigali, RTLM. Na kitu watu hawakijui ni kwamba haikuanza kama redio ya chuki mtu akaisikia akatetemeka. Ilikuwa redio tamu. Muziki mzuri, watangazaji wanaongea kama wako kijiweni, wasikilizaji wanapiga simu, utani mwingi, wakati redio ya serikali ilikuwa inasoma taarifa kama barua ya mwajiri. Watu wakaipenda. Halafu humo humo katikati ya utani ikawa inaupiga vita ule mkataba na kuwataja Watutsi kama adui, taratibu, mpaka Aprili 1994 mauaji yalipoanza ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo. Ndani ya siku kama mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000.

Kesi yao iliitwa kesi ya vyombo vya habari, ilianza Oktoba 2000. Washtakiwa watatu: Ferdinand Nahimana, profesa wa historia kabisa, na Jean-Bosco Barayagwiza, hawa wa redio, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Hukumu ilisomwa tarehe 3 Desemba 2003, jaji kiongozi alikuwa Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na alimwambia Nahimana kwamba bila kushika bunduki wala panga alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia. Mwaka 2007 rufaa ikapunguza vifungo, Nahimana akabaki na miaka 30, Ngeze 35, Barayagwiza 32.

Sasa mtu asiniambie "kwa hiyo unafananisha magrupu yetu na Rwanda". Hapana. Nachosema ni kwamba sumu ilikuja na muziki mzuri na utani, haikuja imekunja uso. Kile kipindi unachokipenda sana kwa sababu kinakuchekesha ndo ukisikilize kwa masikio mawili.

Zamani tulikuwa na redio moja tu na tulikuwa wamoja, si bora turudi huko?

Wazee wa Moshi hawachoki na hili. Mzee wangu naye, wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Radio Tanzania Dar es Salaam ukikohoa unatoka nje. Ni kweli nchi nzima ilisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja na hilo lina raha yake, siwezi kukataa.

Lakini kumbuka refa alikuwa mchezaji wa timu mojawapo, na timu yenyewe ilikuwa moja. Bara hatukuwa hata na televisheni mpaka 1994, Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Vyama vingi viliporudi 1992 magazeti binafsi yakachipuka kama uyoga, ndipo watu wakaanza kusoma mambo ambayo kumbe yalikuwepo siku zote. Umoja wa kutokujua mimi siuhitaji sana, ingawa namwelewa anayeukumbuka.

Kwa nini kichwa cha habari kinawaka moto halafu ndani ni maji?

Kwa sababu kichwa kimeandikwa kwa ajili ya yule aliyesimama, ndani pameandikwa kwa ajili ya yule aliyenunua, na waliosimama ni wengi kuliko walionunua. Asubuhi nzuri pale kwangu wanaweza kusimama watu arobaini, wakanunua sita. Mimi nalipwa kwa nakala iliyouzwa, isiyouzwa inarudi kwa wakala kama marejesho, kwa hiyo mhariri, wakala na mimi wote tunaomba kitu kimoja, yule wa saba aingize mkono mfukoni.

Nikupe mfano wa kutunga ila ukifika mezani utauona wa kweli. Juu, herufi nyekundu: KIGOGO ANG'OKA, WAPINZANI WASHANGILIA. Unafungua ukurasa wa nne unakuta mkurugenzi fulani mkataba wake umeisha kwa tarehe yake, na diwani mmoja wa upinzani alipopigiwa simu akasema ni jambo jema. Hakuna uongo hata mmoja pale! Aling'oka. Mtu alishangilia. Na ile alama ya kuuliza, jamani, FULANI KUHAMA CHAMA halafu mwisho kabisa kuna kijialama kidogo kama nzi ametua, hiyo ndo kinga yao, hawajasema anahama, wameuliza tu.

Zamani haikuwa mbaya sana maana anayesoma bure alikuwa anajua kwamba kasoma kichwa tu. Siku hizi kabla hata mzigo haujafika mezani kwangu kurasa za mbele zishapigwa picha ziko WhatsApp, redio zinazisoma asubuhi, televisheni zinazionyesha, na mtu anafika saa nne ananiambia habari yote kwa uhakika wakati gazeti lenyewe halijamgusa mkono. Ukimwambia ndani wameandika tofauti anakuona wewe ndo umenunuliwa.

Marekani nako mbona wanagombana hivyo na wana vyombo vya habari vikubwa?

Aliyeuliza ni kijana wa Moshi anayepandisha wageni Kilimanjaro. Alikuwa na ndugu wawili njia ya Machame, Wamarekani, mtu na kaka yake, walivyofika kambi ya Shira washapeana masharti kwamba neno uchaguzi lisitajwe mpaka washuke. Akashangaa, watu wamelipa hela zote zile wanakuja kununiana mlimani.

Kule kulikuwa na kanuni tangu 1949, redio na televisheni ikizungumzia jambo lenye ubishani lazima ipe nafasi na upande wa pili. Ikafutwa 1987. Watu wengi wanaishia hapo wanasema ndo chanzo, ila kanuni yenyewe ilikuwa ya matangazo ya hewani, haikuwa ya televisheni za waya, na hizo za waya ndo zilikuja kuleta shughuli: CNN 1980, halafu 1996 mwaka mmoja Fox News na MSNBC. Ukiwa na chaneli tatu nchi nzima unaogopa kumuudhi mtu yeyote. Zikiwa mia unahitaji kundi moja tu ambalo halitakuacha, na kundi halikuachi kama unalipa hasira yake ya kila siku kwa wakati.

Kuna utafiti naupenda, wa David Broockman na Joshua Kalla. Septemba 2020 waliwalipa watazamaji sugu wa Fox, chaneli inayoegemea chama cha Republican, dola 15 kwa saa waangalie CNN, ambayo upande wao hawaiamini, mwezi mzima, hadi saa saba kwa wiki. Watu wakabadilika kidogo, hasa walianza kuona kwamba kumbe kuna mambo chaneli yao ilikuwa haiwaambii. Malipo yalipoisha wakarudi Fox na mabadiliko yakayeyuka. Yaani kinachotenganisha watu siyo uongo peke yake, ni yale ambayo upande wako umeyanyamazia, na hayo huwezi kuyakagua maana hujui kama yapo.

Uongo nao una bei yake lakini. Aprili 2023 Fox walikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, iliyowashtaki kwa kurusha uongo kwamba mashine zake ziliiba kura za 2020, zaidi ya dola milioni 787 ili kesi isiendelee. Yule kijana akaniuliza hizo ni hela za kupandisha wageni wangapi, tukaanza kupiga hesabu tukaacha.

Simu inajuaje kitu kitakachonikasirisha?

Haijui hasira, inajua kidole. Ulipokaa muda mrefu, ulipobonyeza, ulipogombana kwenye komenti, yote inaandika, kesho inakuletea ndugu zake. Facebook mwaka 2017 waliamua kale kauso kekundu ka hasira, kama vile emoji nyingine za kicheko na mshangao, kawe na uzito mara tano ya laiki ya kawaida katika kuamua posti gani isambae. Mara tano! Wakaja kukapunguza, na 2020 wakakafanya sifuri, ila miaka mitatu ni mingi.

Watafiti wa chuo cha MIT nao walipitia habari zilizosambaa Twitter kuanzia 2006 mpaka 2017, wakatoa majibu 2018: habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena kwa asilimia 70 zaidi ya habari ya kweli, na wanaosambaza zaidi ni watu wenyewe, siyo zile akaunti za roboti. Uongo unakuja mpya mpya na una mshangao, ukweli unakuja umechoka, umechelewa, na una "lakini" tatu ndani yake.

Ila tusimbebeshe algoriti mizigo yote. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020 watafiti walijaribu kuwabadilishia watu mpangilio wa Facebook na Instagram, posti zije kwa mfuatano wa muda tu, kama miezi mitatu hivi. Misimamo yao ya kisiasa haikubadilika. Simu inachochea, kuni tunazo wenyewe.

Kuna klipu nimeiona, kwa hiyo ni kweli, au?

Klipu ni dirisha, inakuonyesha upande mmoja wa nyumba.

Juni 2022 wakati serikali inaweka mipaka ya eneo la hifadhi Loliondo, kilomita za mraba 1,500, mezani kwangu kulikuwa na Loliondo mbili. Kwenye simu za watu fulani kulikuwa na akina mama wa Kimaasai wenye majeraha na watu wanaovuka kwenda Kenya. Kwenye simu za wengine kulikuwa na askari aliyeuawa kwa mshale na viongozi wakisema zile klipu ni za kupika. Askari aliuawa, kweli. Raia waliumia, kweli. Lakini sikukutana na mtu hata mmoja ambaye simu yake ilikuwa na vyote viwili, na Loliondo ni mkoa wetu huu huu, siyo Marekani. Wateja wangu wawili wa siku nyingi, mmoja dereva wa utalii na mwingine mama wa shanga, hawasalimiani mpaka leo na chanzo ni siku ile.

Grupu la mtaa limejaa siasa, nani wa kulaumiwa?

Nianze na mimi mwenyewe maana wengi wanaikumbuka. Oktoba 2020, siku moja kabla ya kura, nilirushiwa sauti, mtu anaongea kwa utulivu kabisa, anasema kituo fulani cha mtaani kwetu kimehamishiwa shule nyingine ng'ambo ya mto. Sikujua ni nani. Nikaitupa kwenye grupu nikaongeza na maneno yangu "tafadhali wajulisheni wazee". Kesho yake mama mmoja wa makamo, anatembelea fimbo, akaenda mpaka ile shule, akakuta geti limefungwa, akarudi kituo cha zamani amechoka na jua. Alipiga kura, namshukuru Mungu. Alipopita mezani hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi nilijua wewe ndo unajua, si unauza magazeti." Nilitamani anitukane.

Kwa hiyo ukiniuliza nani wa kulaumiwa, ni aliyetengeneza, lakini huyo humjui na hutamjua. Mimi nilijulikana. Ile sauti ilipata nguvu ilipopita kwenye mkono wa mtu anayeaminika, ndo kazi niliyoifanya bila kulipwa. WhatsApp wenyewe waliona hili, ndo maana tangu Januari 2019 huwezi kufowadi kwa zaidi ya sehemu tano kwa mpigo, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliozunguka sana unaurusha kwa chati moja moja. Ukiona mishale miwili pale juu ya ujumbe, umepita mikono mingi na hakuna mwenyewe.

Bunge laivu liliondolewa kwa nini, na lina uhusiano gani na haya?

Januari 2016 waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, sababu ikatajwa kuwa ni gharama, badala yake kuwe na kipindi cha usiku chenye muhtasari. Wapinzani wakagoma, polisi wakaingia ukumbini.

Mimi sikumbuki hotuba hata moja ya siku hizo, nakumbuka baa. Kabla ya hapo mchana wa Bunge la bajeti, vinyozi, baa, maduka ya spea Unga Limited, wote walikuwa wamewasha. Watu wa vyama tofauti walikuwa wanaangalia mbunge mmoja kwa wakati mmoja, wanacheka pamoja, wanazomea pamoja. Mechi moja. Tulipokosa mechi nzima tukabaki na magoli yaliyokatwa, na kila mtu akaanza kukata ya kwake. Siku hizi vikao unavipata YouTube ila ile hali ya kinyozi kusimama na mashine mkononi kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, haijarudi.

Si bora serikali ifungie wanaochochea tu, tupumzike?

Wengi wananiuliza hili kwa nia njema kabisa. Kufungia kumefanyika sana. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuja, 2017 nikakaa bila MwanaHalisi, bila Mawio, Raia Mwema na Tanzania Daima nao wakapewa siku 90 kila mmoja. Kanuni za 2018 zikataka hata wa blogu na televisheni za mtandaoni wakate leseni, gharama zaidi ya milioni mbili. Februari 2022 yale yaliyokuwa yamefungiwa yakafunguliwa, na aliyefungua ni Nape yule yule. Mei 2025 X ikafungwa, Septemba JamiiForums wakasimamishwa siku 90, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima siku kadhaa.

Siwezi kukwambia nchi ilikuwaje zile siku, nakwambia mtaa wangu. Meza sikufungua. Watu walikuwa wanasimama getini wanaulizana, na kila jibu lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia, wa asubuhi anasema tatu, wa jioni anasema mia, hakuna wa kumwambia hapana. Uvumi hauhitaji bando. Ukizima taa ya uwanja mechi haisimami, watu wanaendelea kuumizana gizani na hakuna atakayekubaliana matokeo milele.

Na hapa hapa Arusha kuna mahakama mbili zimeshaligusa hili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Desemba 2014, kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa mwaka mzima kwa kumkashifu mwendesha mashtaka, ilisema kifungo kwa kosa kama hilo kimekiuka uhuru wake wa kujieleza. Na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya ile sheria yetu ya 2016 vinapingana na mkataba wa jumuiya. Kwa hiyo mji huu umemfunga profesa kwa redio yake na umemtetea mhariri dhidi ya serikali yake. Anayesema ukizuia uchochezi lazima uzuie kila kitu, au ukiruhusu uhuru lazima uruhusu kila kitu, apande haisi aje AICC.

Mimi nalaiki, nakomenti, naweka stetasi. Hiyo si kushiriki siasa?

Nusu. Julai 2015 Lowassa, waziri mkuu wa zamani na mtu wa Monduli hapa, alipotoka CCM kwenda Chadema, mzigo wangu uliisha kabla ya saa mbili asubuhi, na hiyo siku niliona watu wa rika zote wanasoma kwa sauti na kubishana. Mwaka ule waliopiga kura walikuwa asilimia 67 ya waliojiandikisha, wakati 2010 walikuwa 43 hivi, na 2020 wakarudi kama 51. Kwa hiyo ndiyo, habari ikiwaka watu wanatoka.

Lakini nenda kikao cha mtaa. Mwenyekiti ameitisha mkutano wa kusomewa mapato na matumizi, hela ya mtaro, ya darasa, ya taa. Tunakuja watu ishirini, nusu ni akina mama waliotumwa na waume zao. Wakati huo huo grupu la mtaa lina watu mia mbili hamsini wanagombania kauli ya mbunge wa mkoa mwingine kabisa. Nilishamuuliza jamaa mmoja, mkali sana wa komenti, mtaro unaopita mbele ya geti lako umegharimu bei gani? Akanijibu, "Hayo ni mambo madogo braza."

Basi kwa nini redio na magazeti hayasemi ya mtaro?

Kwa sababu mtaro hauna tangazo. Mwandishi wa mkoani mara nyingi analipwa kwa stori iliyotoka, stori ya mtaro inamgharimu nauli na siku tatu za kumsubiri mtendaji, stori ya mkutano wa mkubwa inakuja na usafiri kabisa na bahasha ndogo, mtajaza wenyewe. Redio zetu za hapa na za Moshi zikijitahidi zinafanya vizuri kuliko za Dar, mtu anapiga simu maji hayajatoka wiki mbili Pasua, jioni anapigiwa fundi. Hapo hakuna aliyeuliza chama.

Kule California kuna gazeti la mji wa Palm Springs, The Desert Sun, Julai 2019 liliondoa siasa zote za kitaifa kwenye ukurasa wa maoni mwezi mzima, likabaki na maegesho, majengo, sanaa, mambo ya kwao. Watafiti walikuta hapo mjini uhasama wa vyama uliongezeka polepole zaidi kulinganisha na mji mwingine uliofanana nao. Siyo muujiza, haukuisha, kasi yake tu ndo ilipungua. Ila mimi ningelipa gazeti la namna hiyo, na ningelipanga mbele.

Nimeacha kabisa kufuatilia habari, nina amani. Nimekosea?

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Njiro. Hujakosea mama, ila bei yake ijue. Marekani 2018 kuna watu walilipwa wazime Facebook wiki nne kabla ya uchaguzi. Wakawa na furaha kidogo zaidi, tofauti za misimamo ya kisiasa zikapungua, na habari walizokuwa wanazijua zikapungua pia. Mimi ningekushauri upunguze badala ya kukata. Taarifa ya habari moja kwa siku, nzima, mwanzo mpaka mwisho, inatosha, usinyonye vipande toka asubuhi mpaka usiku.

Nitajuaje kitu ni cha kweli kabla sijarusha?

Mtafute mwenyewe. Gazeti lina mhariri, lina anwani, ukikashifiwa unamjua wa kumshtaki au unapeleka malalamiko Baraza la Habari. Ujumbe usio na mwenyewe uache ulale mpaka asubuhi, ukiwa wa kweli kesho utakuwa bado wa kweli. Picha ya ukurasa wa mbele ikiwa na maneno ya ajabu njoo mezani uangalie gazeti halisi, maana siku hizi wanatengeneza kurasa feki zenye nembo kamili. Kuangalia ni bure, nilishazoea.

Shemeji yangu ni wa chama kile kingine na kila Krismasi tukikutana Marangu tunagombana. Nifanyeje?

Mwambie akuonyeshe simu yake, na wewe mpe yako, dakika kumi, bila kuongea. Kuna wawili walijaribu pale mezani kwangu. Hawakupatana, ila mmoja alisema, "Kumbe ningekuwa naletewa haya kila siku na mimi ningekuwa kama wewe." Halafu wakanywa kahawa yangu bila kulipa.

Na wewe ni wa chama gani?

Nauza yote, nayapanga kwa urefu wa ukurasa. Linaloisha kwanza kila siku ni la michezo.